Hesabu Iliyoishia Mwaka wa Saba

Ko, ko, ko-ko. Ko, ko, ko-ko. Ndivyo ilivyolia nyundo ya Fundi Ramadhani kwenye bati, uani kwake Ujiji, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mapigo mawili ya polepole, kisha mawili ya mbiombio, kama mtu anayebisha hodi halafu anakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Alikuwa akitengeneza masanduku mawili ya bati, moja langu na moja la Frasia. Barua ya chuo ilisema kila msichana aje na sanduku lenye kufuli, blanketi moja, shuka mbili na viatu jozi moja. Mambo mengi ya kazini nimeshayasahau, lakini nyundo ile naisikia hadi leo nikiwa nachambua mchele.

Ninyi vijana wa masijala mliniambia siku ya kuniaga, "Bibi Tausi, usiende na mambo yako yote, tuandikie." Haya, nimeandika. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa kama meli ya Kalemie. Mshahara wangu nao sina haja ya kuutaja, faili langu mnalo wenyewe na najua mmeshalichungulia. Nitawaeleza nilivyofika kwenye meza ya misaada ya vyuo, aliyenifundisha kazi, na hesabu moja niliyoipiga vibaya kwa makusudi. Hiyo ya mwisho hakuna anayeijua ila watu wawili, na mmoja ni mimi.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mimi na Frasia tulimaliza darasa la nane pamoja. Kwao ni Bangwe. Babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo na familia yake yote ni watu wa kanisani. Mimi wa Ujiji, binti wa Mzee Sefu, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi. Tulikalia dawati moja, tukagawana penseli moja, na sote wawili tukachaguliwa kwenda chuo cha ualimu huko upande wa Tabora. Mimi nilikuwa mtu wa ndoto. Kabla barua haijafika nilikuwa nimeshachagua mwandiko nitakaotumia ubaoni. Nilishawafundisha mbuzi wote wa mtaa kutoa na kujumlisha, na mmoja wao nilimpa alama za juu.

Sehemu kubwa ya gharama za chuo ililipwa na Serikali, iliyobaki ni ya mzazi. Mzazi asiyeweza aliomba msaada, na mwaka ule kwa wasichana wa upande wetu ulikuwa umebaki msaada mmoja tu. Wa kuamua ni kamati, na kikao kilikuwa cha hadhara. Waliona kwamba mtu akiulizwa mali zake mbele ya majirani hataweza kudanganya. Waliofikiri hivyo hawakuwa watu wa Ujiji.

Mwenyekiti alimwita baba kwanza.

"Mzee Sefu, shughuli yako?"

"Dagaa."

"Una mitumbwi mingapi?"

Baba alisimama wima na kanzu yake ya Ijumaa. Nyuma yake walikaa wachuuzi wenzake wote wa Kibirizi. Akakohoa kidogo.

"Mitatu."

Mtumbwi wake ulikuwa mmoja. Ile miwili ilikuwa ya kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, na yote miwili ilivuja.

"Na nyavu?"

"Nyavu, mheshimiwa, hazina idadi."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Hakuna jirani aliyemkanusha. Kumvua mtu nguo mbele za watu kwetu ni kosa kubwa kuliko uongo wenyewe.

Akafuata baba yake Frasia, Mzee Filipo. Alivaa shati lenye viraka kifuani na mgongoni.

"Ndugu zangu, mimi ni kibarua wa Mungu tu."

"Shamba?"

"Kashamba."

"Michikichi?"

"Miwili mitatu. Ya kula na watoto."

Mlima mzima nyuma ya nyumba yao ulikuwa michikichi yake. Mawese niliyokula tangu darasa la tano yalitoka pale. Nikamtazama Frasia, anatazama vidole vya miguu yake. Nikamtazama baba, ametulia, uso unang'aa. Ningeweza kusimama nikasema, "Baba, ni mmoja." Ulimi uligoma. Msaada akapewa Frasia, na baba hakuwa na cha kunilipia.

Tulipotoka baba aliniambia, "Usijali, mwanangu. Sanduku si linatengenezwa?" Akaenda kulilipia, maana kuacha kulichukua kungekuwa kukiri kwamba hana. Fundi Ramadhani akauliza kama aandike jina. "Andika," baba akasema. Likaandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko: TAUSI SEFU, UJIJI. Mama akaliweka chumbani, akatia mahindi ndani yake.

Nilimsindikiza Frasia stesheni. Mpagazi alipopandisha sanduku lake ndani ya behewa niliona ni pacha la langu, hadi kitasa. "Nitakuandikia, shoga," akalia. Nikapunga mkono na kutabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Wivu ulianza pale, ukiwa mdogo kama dagaa mmoja ndani ya ndoo.

Haikupita muda ofisi ya elimu ikatafuta msichana anayejua kusoma na kuandika. Nikaenda. Siku ya kwanza karani mkuu, Mzee Bilali, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinipa karatasi mbili na karatasi moja ya kaboni, akaniamuru nichape barua. Nikachapa kwa kidole kimoja asubuhi nzima, jasho linanitoka. Kumbe kaboni nimeigeuza. Nakala ilikuwa nyeupe pe, na maandishi yote yamejichapa kinyume mgongoni mwa barua yenyewe.

Mzee Bilali akaishika juu ya mwanga. "Hii," akasema, "tutaipeleka kwa mtu mwenye kioo."

Hakunifukuza. Alinifundisha kuuweka muhuri bila kuupaka wino wote, kufunga jalada kwa kamba isiyokata karatasi, na kutoweka chai karibu na fomu ya mtu. "Fomu ni mtoto wa mtu," alikuwa akisema. "Ukiimwagia chai umemwagia mtoto." Baada ya mwezi mmoja aliniuliza, macho yakiwa kwenye jalada:

"Wewe ni binti wa yule wa mitumbwi mitatu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni mingapi?"

"Mmoja."

Akaguna. "Basi si baba yako aliyekosea. Swali letu ndilo lilikuwa bovu."

Hapo ndipo alipoanza utaratibu wake, na huo ndio ninaotaka mwushike. Aliiomba kamati imruhusu kuongea na wazazi kwanza, mmoja mmoja, kwenye benchi ubavuni mwa ofisi, wakitazama ziwa badala ya kutazamana. Kila mzazi alimwamkia kwa namna ya kwao. Waliotoka milimani aliwaambia "Mwakeye", salamu yao ya asubuhi, hata ikiwa saa tisa alasiri, nao walicheka na moyo ukafunguka. Hakuuliza una mitumbwi mingapi. Aliuliza, "Mtumbwi ukipasuka, nani hununua pamba na lami ya kuziba?" Mtu hujisifia mtumbwi wa ndugu yake, lakini hajisifii kuuziba. Hakuuliza una michikichi mingapi. Aliuliza, "Wakati wa mavuno wakwezi wangapi wanapanda kwako kwa siku?" Mwenye michikichi miwili mitatu haajiri wakwezi wanne. Na viraka alivitazama kwa karibu. "Tazama kiraka kimeshonwa wapi," alinifundisha. "Kiwiko huchakaa. Kifua cha shati huchakazwa na nini?"

Nilimkumbuka Mzee Filipo.

La pili alilonifundisha ni karatasi ya kukunja. Wazazi wengi walikuja kutuuliza, "Karani, huyu binti aende chuo au nimtafutie kazi?" Mzee Bilali alikunja karatasi katikati. Kushoto aliandika kinachotoka, kulia kinachorudi, na pembeni kabisa miaka, kuteremka chini.

"Watu huhesabu sanduku, nauli na karo, wakadhani wamemaliza," alisema. "Na mshahara ambao angekula miaka hiyo kama angekuwa kazini? Huo nao umetoka. Uandike kushoto. Na kulia usiandike mshahara wa yule mmoja aliyerudi akang'ara. Toa majalada kumi, soma yote, na la yule aliyerudi bila cheti liwemo."

"Halafu?"

"Halafu teremka na miaka hadi chini. Usikate njiani. Mchikichi ukiuhesabu kabla haujazaa, ni kuni tu."

Siku ile ile, alipokwenda kuswali, nilitoa karatasi nikaikunja, nikajipigia hesabu mimi na Frasia. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa mbele yake. Mimi nilipokea, yeye alisoma. Nilimnunulia baba wavu mpya kwa pesa yangu mwenyewe, na nilihakikisha habari hiyo inafika Bangwe. Mwaka wa tatu Frasia akarudi mwalimu na baiskeli. Nikaacha kuihesabu karatasi ile kwa wiki kadhaa.

Wivu wa karani una shida yake: majalada ya watu wote yanapita mikononi mwako. Nilijua Frasia analipwa nini kabla mama yake hajajua. Nilijua pia amepangiwa kijijini mbali huko Kasulu. Wakati wa kuhamia vijiji vya Ujamaa alifundisha darasa lisilo na ukuta, katikati ya vyungu na vitanda vya watu waliokuwa bado hawajajenga. Aliugua malaria mara mbili muhula mmoja. Mimi nililala kwetu, nikaoga ziwani, nikala samaki wa mgebuka aliyevuliwa siku ile ile. Ukipima kwa raha, mimi ndiye niliyepata. Lakini alipokuja likizo tukapita naye sokoni Mwanga, mwanamke mmoja aliacha biashara yake akavuka njia. "Shikamoo, Mwalimu! Mwanangu anasoma barua sasa!" Hakuna mtu aliyewahi kuvuka njia kuja kunishukuru kwa kumfungia jalada.

Nilicheka naye, nikambebea kikapu, nikamwonea wivu hadi wa kikapu chenyewe.

Miaka ikaenda. Mzee Bilali akastaafu, meza ya misaada nikaachiwa mimi. Jumatano moja asubuhi nasikia sauti ya Frasia mlangoni:

"Hodi masijala!"

"Karibu, Mwalimu," nikasema.

"Mwalimu wa nani? Hebu acha mambo yako, Tausi. Nisogezee kiti."

Alikuwa amekonda, viatu vina vumbi jekundu la Kasulu. Akaweka fomu juu ya meza, imejazwa na imesainiwa. Kumbe miaka yote ile kijijini alikuwa akijisomea kidato cha nne kwa masomo ya posta, na amefaulu. Amepata nafasi ya stashahada huko pwani, miaka mitatu.

"Karo na chakula nitasaidiwa," akasema, "ila fomu iondoke na posta ya Ijumaa, ikikosa hiyo nafasi anapewa mwingine. Lakini mshahara wangu utasimama. Kozi hii sikutumwa, nimeiomba mwenyewe."

"Na nyumbani?"

"Baba kafa, unajua. Michikichi wamegawana kaka zangu. Mama namtunza mimi, na wale wadogo zangu wawili wanaosoma. Wote wanakula mshahara huo huo unaotaka kusimama." Akanishika mkono. "Nipigie hesabu. Wewe umeyaona majalada yote. Ukisema niende, naenda. Ukisema nisiende naacha, na sitamlaumu mtu."

Nikatoa karatasi, nikaikunja katikati.

Kushoto niliandika kila kitu kwa haki: mishahara ya miaka mitatu, nauli, nguo, na matumizi atakayolazimika kutuma kwa mama. Kulia niliandika nyongeza ambayo mwenye stashahada hupata juu ya mwalimu wa kawaida. Niliitoa kwenye majalada kumi, la aliyerudi bila cheti likiwemo. Nikateremka mwaka baada ya mwaka tangu atakaporudi kazini. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kushoto kuzito. Wa tano, wa sita. Kushoto bado kuzito, lakini kunapungua. Wa saba, kulikuwa kumebaki kidogo tu, kama mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Wa nane nilikuwa nimeshauona kichwani kabla sijauandika.

Nikachukua rula, nikapiga mstari chini ya mwaka wa saba.

"Hailipi," nikamwambia. "Tazama mwenyewe. Usiende."

Hakuna tarakimu hata moja iliyokuwa ya uongo pale. Mngeweza kuikagua karatasi ile siku nzima msione kosa. Uongo wote ulikuwa kwenye rula.

Frasia aliifuata kwa kidole hadi kwenye mstari. Kisha mabega yake yakashuka, akapumua.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa naogopa kumwacha mama." Akanisogezea karatasi. "Na labda ndiyo haki yenyewe, Tausi. Ile ya kwanza ilikuwa yako."

"Ipi?"

"Usinifanye mtoto. Msaada wa kikao kile. Miwili mitatu ya kula! Asubuhi ile ile nilikuwa nimewapelekea maji wakwezi wanne. Na mitumbwi ya baba yako nilijua ni mmoja. Ile mingine nilishamwona baba yako mkubwa anaichota maji Kibirizi huku anailaani. Nilijua yote, nikanyamaza."

"Hata mimi nilinyamaza."

"Wewe ulikuwa unamlinda baba yako na aibu," akasema. "Mimi nilikuwa nalinda sanduku."

Akanyanyuka. Kutoka kwenye kikapu akatoa chupa ya mawese, akaiweka mezani. "Mpelekee mama yako. Fomu hiyo washia jiko." Akatoka.

Ningepaswa kufurahi. Hesabu ya miaka yote ile ilikuwa imerudi mkononi mwangu: mwenye haki mimi, mkosaji yeye, na yeye mwenyewe amekiri. Lakini niwaambie ukweli, wivu wangu uliishi vizuri kwa sababu nilidhani yeye hajui. Nilikuwa nimeikalia siri ile kama kuku anayeatamia yai, kumbe yai analo mwenzangu siku zote, na limemchoma kuliko mimi.

Alhamisi nilichapa barua tatu, zote nikazikosea. Alasiri nilimkuta baba kibarazani anashona wavu, mzee sasa, sindano anaitafuta kwa vidole. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza.

"Baba, siku ile ya kamati, kwa nini ulisema mitatu?"

Hakujifanya amesahau. "Walikuwepo watu."

"Watu gani?"

"Wote." Akavuta uzi akaukata kwa meno. "Na wewe ulikuwa umekaa pale, umevaa gauni lako la bluu. Ulitaka watu wakutazame waseme binti wa mtumbwi mmoja?"

Nilikuwa nimemhesabia kosa lile miaka yote, na sikuwahi kufika kwenye mstari huu.

Ijumaa niliingia ofisini mapema. Wino haufutiki, kwa hiyo mstari wangu sikuufuta. Nilikata karatasi nyingine kwa upana ule ule, nikaigandisha chini ya ile ya kwanza, nikaendelea. Mwaka wa nane, kulia kukapita. Wa tisa kukapita zaidi. Niliteremka mpaka wa ishirini, mpaka karatasi ikaning'inia ukingoni mwa meza kama ulimi wa mbwa. Kisha nikafungua fomu. Kwenye nafasi ya maoni ya ofisi nikaandika ukweli kuhusu mama na wadogo wawili, na kuhusu michikichi iliyokwisha kugawanywa. Nikapiga muhuri mahali pake, bila kuupaka wino wote.

Msidhani moyo ulikuwa umesafika. Nilimwonea wivu hata nilipokuwa nalamba bahasha. Nilimwonea wivu wa treni, wa pwani, wa kitanda cha bwenini. Nikaipeleka posta kwa miguu, nikasimama dirishani mpaka nikaona imeingia kwenye gunia.

Jumamosi nikaenda Bangwe na karatasi yangu ndefu. Nilimkuta Frasia anaanika dagaa juu ya mchanga. Nikampa. Akaisoma akiwa amechutama, tangu juu hadi mkiani.

"Ulikata mwaka wa saba," akasema.

"Ndiyo."

"Makusudi."

"Makusudi."

Akaiweka karatasi chini ya jiwe, akaendelea kugeuza dagaa, fungu moja, la pili. Nilisimama pale kama mdaiwa.

"Na fomu?"

"Imeondoka jana."

"Nilisema uwashie jiko!"

"Uliisaini mwenyewe. Ukipewa nafasi ukaikataa, ikatae kwa mdomo wako, si kwa rula yangu."

Akainua uso. Sijui kama alitaka kunipiga au kucheka. "Na hawa wadogo zangu, hiyo karatasi yako inawalisha?"

"Shule yao iko Gungu. Kutoka Gungu hadi kwetu si mbali. Mchana watakula kwetu."

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

"Kwa mshahara wa karani?"

"Kwa mshahara wa karani na dagaa wa mtumbwi mmoja."

Hapo ndipo alipocheka, akakaa chini kabisa mchangani. "Tausi, wewe mchawi, wallahi," akasema, Mkristo mzima. "Unamroga mtu Jumatano, Jumamosi unamganga."

Nafasi aliipata, akaenda. Wadogo zake walikula kwetu miaka mitatu, na mmoja wao alikuwa na tumbo lisilo na mwisho, sitamtaja, sasa ni mtu mzima mwenye heshima zake. Frasia alirudi na cheti chake, akapangiwa mikoa miwili ya mbali, kisha akaletwa wapi? Ofisini kwetu. Mkubwa wangu. Barua zake nilizichapa mimi, na kaboni niliitazama mara mbili. Alipomaliza kujenga nyumba yake Gungu nilikwenda kumpongeza, nikahesabu mabati ya paa kwa macho, na kila bati liliniuma. Mwaka wa nane ulikuwa umefika, nami niliujua kuliko yeye.

Kwa hiyo mkikalia meza ile, vijana, mtaletewa swali hilo hilo, na watu watawaamini kwa sababu karatasi mnazo ninyi. Kunjeni karatasi. Andikeni kushoto kila kinachotoka, msimfiche mzazi hata nauli. Lakini kabla ya kushika rula, jiulizeni mkono unaoishika unamwonea nani wivu. Mimi sikujiuliza, na ilibaki kidogo tu fomu ile iwake jikoni.

Kuna jambo moja la nyuma kidogo, na hilo ndilo la mwisho. Wiki moja kabla Frasia hajasafiri nilimwuliza ataweka wapi nguo zake. Sanduku lake lilikuwa limekwisha. Kutu ya Kasulu ilikuwa imelila chini kote, na yeye alikusudia kwenda na gunia. Sikumwambia kitu. Jumapili mama alikuwa amekwenda msibani, baba yuko Kibirizi, nyumba iko kimya. Nikaingia chumbani, nikamwaga mahindi kwenye tenga, nikalitoa sanduku langu uani. Nikalipangusa ndani na nje kwa kitambaa chenye mafuta, likabaki na harufu ya unga. Jina juu ya mfuniko lilikuwa limefifia, S ya Sefu haipo kabisa. Nilikuwa nimekuja na kisu ili nilikwangue, kisha nimpe sanduku safi.

Nikakaa nalo mapajani. Kisha kisu nikakiweka chini. Nikafungua kopo la rangi nyeupe, ile tunayoandikia namba kwenye makabati ya ofisi, nikachovya brashi, nikapita juu ya jina langu polepole, herufi moja baada ya nyingine, na ile S nikaiandika upya. Nikaliacha juani likauke, ili Frasia apande nalo treni na jina langu juu.